Fedha za Kampuni, Jasho la Wanaojitolea: Programu Huria za Afya katika Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kwa nini kampuni ya programu za kompyuta hutoa fedha kwa ajili ya mikutano inayoandaliwa na watu wanaojitolea, ilhali programu inayojadiliwa katika mikutano hiyo hutolewa bure. Mfano unaotumika ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, kwa kuwa historia yake imegusa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Hoja kuu ni kwamba udhamini huo si sadaka, wala si tangazo la biashara tu, bali ni gharama ya kutunza kisima kinachotekwa maji na wengi. Hata hivyo, anayelipia kisima huwa na sauti kubwa kuhusu matumizi yake, na hapo ndipo mahitaji ya miji ya mpakani yanapoweza kusahauliwa.

Mpaka na kumbukumbu za mgonjwa

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakabaki pande zote mbili. Leo jina la Busia ni la miji miwili inayotazamana, na Tororo, upande wa Uganda, iko jirani na kivuko cha Malaba. Watu huvuka kwenda sokoni, mazikoni na hospitalini. Tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia ili kurahisisha upitaji wa watu na bidhaa. Kumbukumbu za mgonjwa hazikupata kituo cha namna hiyo. Anayetumia dawa za kufubaza VVU akihamia upande wa pili, mara nyingi hutegemea kadi aliyonayo mkononi na maelezo yake mwenyewe.

Asili ya programu

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka huohuo kukabiliana na UKIMWI, ulisambaza kliniki zake magharibi mwa Kenya hadi Busia. Mfumo wa awali haukuweza kuhimili ongezeko la wagonjwa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walianza kubuni mfumo mpya, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Kiini chake ni kamusi ya dhana, inayokiwezesha kituo kuongeza swali jipya katika fomu bila kuiandika upya programu nzima.

Waanzilishi hawakuiuza programu hiyo. Waliufungua msimbo wake. Juu ya msingi huo ulijengwa KenyaEMR kwa ajili ya vituo vya Kenya, na UgandaEMR, iliyoendelezwa na mradi wa METS wa Chuo Kikuu cha Makerere kwa ajili ya Wizara ya Afya ya Uganda. Hivyo mifumo ya nchi hizi mbili ni ndugu wa mama mmoja. Lakini undugu huo hautoshi kuifanya ielewane. Lazima watu wakubaliane kuhusu dhana na namba za utambulisho, na makubaliano hayo huhitaji watu kukutana.

Kwa nini kampuni hulipa

Sababu ya kwanza ni gharama. Kampuni inayobadilisha nakala yake peke yake hulazimika kuyabeba mabadiliko hayo kila toleo jipya linapotoka. Yakikubaliwa katika msingi wa pamoja, mzigo hugawanywa. ThoughtWorks, kampuni iliyoasisiwa Chicago na iliyowahi kuwa na ofisi Kampala, ilitoa wanaprogramu wake kuchangia OpenMRS, kisha ikaunda Bahmni, mfumo wa hospitali unaounganisha OpenMRS na programu nyingine huria. Kampuni ya aina hiyo huuza kazi na ujuzi, si leseni. Msingi wa pamoja ukidorora, biashara yake nayo hudorora.

Sababu ya pili ni maarifa yasiyoandikwa. Msimbo unaweza kupakuliwa na yeyote, lakini sababu za kuandikwa kwake hivyo zimo vichwani mwa watu. Siku tatu za mazungumzo ya ana kwa ana huokoa miezi ya kubahatisha, na hujenga imani inayofanya mchango wa mgeni upokelewe.

Sababu ya tatu ni wafanyakazi. Tangu 2005 Google imekuwa ikiwalipa posho vijana wanaoandika programu huria wakati wa likizo, na OpenMRS ilijiunga na mpango huo mwaka 2007. Google haiuzi OpenMRS, lakini inafaidika kijana anapojifunza kazi mbele ya macho ya wote.

Sababu ya nne ni wateja. Katika mikutano ya WordPress, ambayo imefanyika pia Nairobi na Kampala, waandaaji na wasemaji hawalipwi. Kampuni zinazokodisha nafasi za tovuti ndizo huchangia ukumbi na chakula. Anayejifunza kutengeneza tovuti leo atahitaji kuikodishia nafasi kesho.

Hali hii inafanana na harambee. Mgeni rasmi hutoa kitita na jina lake hutangazwa, huku wanakijiji wakitoa mchanga, maji na nguvu kazi visivyotajwa. Bila kitita ujenzi huchelewa. Bila wanakijiji hakuna jengo.

Mipaka ya udhamini

Mikutano ya kimataifa ya OpenMRS ilifanyika Kampala mwaka 2016 na Nairobi mwaka 2018. Ilikuwa karibu, lakini karani wa takwimu wa Tororo au Busia bado alihitaji ruhusa ya mwajiri, nauli na malazi. Yeye ndiye anayeijua fomu isiyojazika na mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili. Mdhamini anayelipia ukumbi hamlipii yeye, na kasoro anazoziona hazifiki mezani.

Aidha, udhamini wa kampuni hulipia siku, si miaka. Sehemu kubwa ya fedha za huduma za VVU katika nchi hizi ilitoka serikali ya Marekani kupitia PEPFAR. Agizo la 20 Januari 2025 la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 lilidhihirisha hatari ya kuegemea mkono mmoja. Hakuna kampuni inayodhamini mikutano iliyo na wajibu wa kuziba pengo la namna hiyo.

Hitimisho

Kampuni hudhamini mikutano ya wanaojitolea kwa sababu inahitaji matunda yake, na hakuna aibu katika hilo. Kwa watunga sera, swali ni masharti ya udhamini. Kwanza, wizara husika zinaweza kuwaomba wadhamini watenge sehemu ya mchango kwa nauli na posho za makarani wa vituo vya mpakani. Pili, Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zinafaa kuwa na fungu lao dogo la kuandaa kikao cha kila mwaka, ili wadhamini wachangie ajenda iliyopangwa na wenyeji. Tatu, ajenda ya kwanza iwe utambulisho wa mgonjwa anayevuka mpaka, kwa kuzingatia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilizotungwa na nchi zote mbili mwaka 2019, ambazo zinaweka masharti ya kuhamisha taarifa nje ya nchi. Kazi hiyo haitafanywa na kampuni kwa niaba ya serikali, wala na wanaojitolea kwa muda wao wa ziada.