Muhogo Mchungu na Neno Konzo
Unga wa muhogo unaoliwa Ngezi, mjini Bunia, hutanguliwa na kazi ndefu ya kuloweka na kuanika. Kazi hiyo huondoa sianidi, sumu itokanayo na muhogo mchungu.

Mwaka 1925 David Keilin, huko Cambridge, alieleza sitokromu, ambazo hupokezana elektroni zitokazo katika chakula hadi kimeng'enya cha mwisho kizikabidhi kwa oksijeni. Mwaka 1961 Peter Mitchell alipendekeza kwamba mwendo huo husukuma protoni kuvuka utando. Zinaporejea, nishati huhifadhiwa katika vifungo vya ATP. Sianidi hukikamata kimeng'enya hicho cha mwisho, na mnyororo mzima husimama.

Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa kupooza miguu huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, Tanzania, wakati wa ukame, watu walipofupisha maandalizi ya muhogo mchungu. Leo matabibu wa dunia nzima hutumia neno hilo la Kiyaka.

Hivyo, konzo haikutokana na ujinga wa wapishi. Ujuzi walikuwa nao. Njaa ndiyo iliyowanyima siku za kusubiri.