Nginx: programu inayohesabu kila baiti ya kumbukumbu

Nginx ni programu ya seva, yaani ile inayopokea maombi ya vivinjari na kurudisha kurasa za tovuti. Mhandisi wa Urusi Igor Sysoev alianza kuiandika mwaka 2002, alipokuwa mfanyakazi wa kampuni ya Rambler mjini Moscow, na akaitoa hadharani Oktoba 2004.

Swali lililowasumbua wahandisi wakati huo lilikuwa limeshaulizwa na Dan Kegel mwaka 1999: seva moja itawezaje kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja? Kikwazo hakikuwa wingi wa kazi, bali wingi wa wanaosubiri. Seva ya Apache, kwa mtindo wake wa awali, ilimpa kila mgeni mchakato wake pekee, mithili ya mgahawa unaoweka mhudumu mmoja kila meza, asimame hapo hata mteja akisoma gazeti. Kila mchakato hushika kumbukumbu. Kumbukumbu ikiisha, mashine huhamishia data kwenye diski, kasi huporomoka na wote hukwama.

Nginx huendesha michakato michache, na kila mmoja hulinda mamia au maelfu ya miunganisho, ukishughulikia ule tu wenye jambo jipya. Nafasi za kuhifadhi taarifa za miunganisho hutengwa mapema, programu inapoanza. Kwa kawaida ni 512 kwa kila mchakato. Kumbukumbu ya kila ombi hukatwa kutoka fungu moja linaloanzia kilobaiti 4, na ombi likikamilika fungu zima huachiwa kwa mkupuo. Utaratibu huo hupunguza uvujaji wa kumbukumbu, maradhi ya kale ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya C. Watengenezaji wake husema miunganisho 10,000 iliyotulia hutumia takriban megabaiti 2.5.

Mwaka 2009 kilijitokeza chombo cha mashambulizi kiitwacho Slowloris, kinachotuma ombi kidogo kidogo bila kulimaliza, hadi nafasi zote za Apache zishikwe. Nginx huvumilia zaidi, ingawa nafasi zake nazo zaweza kujaa. Ndiyo maana huweka mipaka: sekunde 60 kupokea vichwa vya ombi, sekunde 75 kwa muunganisho uliotulia, na nafasi zikipungua, hufunga kwanza iliyo kimya. Msimamizi anayepandisha ile 512 hana budi kuongeza pia idadi ya faili ambazo mfumo wa kompyuta huruhusu kufunguliwa, kwani kila muunganisho huhesabiwa kama faili.