Theluji juu ya Bahasha

Sisi tukaao Tanga na Pangani hatuijui theluji ila kwa habari. Walakini wazee wetu waliibandika juu ya bahasha kwa mikono yao. Mwaka 1935 posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilitoa stempu zenye sura ya Mfalme George wa Tano, na katika hizo mlikuwamo picha ya Kilimanjaro.

Theluji ile ilileta ushindani mkubwa. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe kileleni. Kiongozi wake hakuwa na neno la kitu kile, akakiita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Huko London W. D. Cooley, mwanachuoni asiyepata kufika kwetu, alikanusha: theluji itakaaje karibu na ikweta? Mwaka 1862 Baron von der Decken alikwea mlimani, akathibitisha maneno ya Rebmann. Mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika Moshi, na abiria wakajionea wenyewe siku za anga safi.

Lakini theluji hiyo yaondoka. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika 2. Zamani wataalamu walikataa kuwa ipo. Huenda wajukuu wetu wakakataa kuwa ilikuwapo. Basi mwenye stempu ile na aitunze, maana ni shahidi.