Kifua kikuu: jinsi bakteria wanavyozima nguvu ya seli za kinga

Kila tunapozungumzia kifua kikuu hewani, swali moja hurudi kwenye simu: mwili una askari wake, seli nyeupe za damu, sasa mbona wanashindwa na kijidudu kidogo hivyo? Muda wa kipindi hautoshi kulijibu, kwa hiyo tumeliandika hapa.

Mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, bakteria hutoka kwenye vitone vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukivuta hewa hiyo wanateremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na huko wanakutana na makrofaji. Hizi ni seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza wadudu na kuwayeyusha. Tuseme ni sungusungu wa mapafu: wanamkamata mwizi na kumfungia chumbani.

Kwa wadudu wengi habari inaishia hapo. Bakteria wa kifua kikuu ni mkaidi. Anazuia chumba hicho kisijae asidi ya kummaliza, kisha anatoboa ukuta kwa protini anazozitengeneza mwenyewe. Madhara yake yanafika mpaka kwenye mitokondria.

Waliosoma baiolojia wanaikumbuka mitokondria kama mtambo wa umeme wa seli. Huchoma sukari na mafuta yanayotokana na chakula, kwa kutumia oksijeni, na kutoa nguvu. Makrofaji inaihitaji nguvu hiyo ili ipigane. Tena mitokondria hutoa kemikali kali za oksijeni zinazosaidia kuua wadudu.

Mwaka 2018 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha vipimo vya nguvu ya makrofaji za binadamu. Zilizoambukizwa bakteria hai wa kifua kikuu zilipungua kasi ya kuzalisha nguvu, na mitokondria zake zikaanza kutegemea mafuta zaidi badala ya sukari. Bakteria waliokufa hawakuleta hali hiyo. Yaani mwizi akiwa hai ndani ya nyumba, taa zinafifia.

Lakini lililotushangaza zaidi sisi tulipoandaa makala hii ni namna seli inavyokufa. Seli iliyoambukizwa inaweza kufa kwa mpangilio: inajikunja, inajifunga vipande vidogo pamoja na bakteria waliomo, halafu seli nyingine zinakuja kuvimeza. Kifo hicho ni faida kwa mgonjwa. Bakteria wakali hukikwepa. Wanaharibu utando wa ndani wa mitokondria, nguvu inakatika, na seli inapasuka ovyo kama gunia lililooza. Bakteria wanamwagika nje na kuingia seli za jirani. Kovu na mashimo kwenye mapafu, na kukohoa damu, vinatokana na tishu kuharibika hivyo kidogo kidogo.

Hata kinga ikizidi ni hasara. Majaribio kwa samaki wadogo yameonyesha kwamba kemikali ya tahadhari ya mwili iitwayo TNF, ikiwa nyingi mno, hufanya mitokondria zitoe kemikali za oksijeni kupita kiasi, na seli inapasuka vilevile.

Hata hivyo, watu wengi walioambukizwa hawaugui kamwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya 100, ni 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao. Wenye VVU, wenye kisukari, wenye utapiamlo na watoto wadogo wako hatarini zaidi.

Sasa mnaelewa kwa nini dawa huchukua miezi 6 kwa wagonjwa wengi: aina 4 kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha 2 kwa miezi 4. Kikohozi hupungua baada ya wiki chache, na hapo ndipo watu wengine huweka vidonge kabatini. Bakteria waliojificha ndani ya seli na kwenye tishu iliyoharibika, wakiwa wamepunguza shughuli zao, bado wapo, na dawa huwaua polepole. Ukikatisha, waliobaki wanaweza kurudi wakiwa sugu.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukatoka jasho usiku au ukapungua uzito, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Kama nyumbani kuna mgonjwa, wapeleke pia watoto wa chini ya miaka 5, hata kama hawakohoi, kwa sababu wapo wanaopewa dawa ya kuzuia kabla ugonjwa haujaanza.