Ufunguo wa gari kuukuu, na Kalasinga wa Nairobi hapa Kenton



Najua nimekuwa kimya. Wiki iliyopita binamu yangu wa Tanga alinicheka kwenye simu: "Yaani kaka, Ulaya kote huko umeshindwa kwenda kazini kwa sababu ya rimoti? Si ungefungua kwa ufunguo tu?" Sikuwa na jibu la haraka. Basi leo ndiyo najibu, na kisa chenyewe kina historia ndani yake. Mama, wewe soma mpaka mwisho, kuna habari ya mabati yako.

Mnajua gari langu ni la petroli, la mwaka 2006. Kwa huku ni babu kabisa. Lakini tangu tarehe 29 Agosti 2023 mji mzima wa London, Kenton tukiwemo, unatoza paundi 12.50 kwa siku kwa magari yenye moshi mchafu. Langu, kwa kuwa ni petroli na limepita kiwango, halilipi. Ningelitupa nikanunua dizeli ya bei poa iliyozeeka, ningelipa kila siku ninayoliendesha. Kwa hiyo babu huyu nambembeleza.

Alfajiri moja ya Novemba, baridi kali, nabonyeza rimoti: kimya. Nabonyeza tena: kimya. Nikafungua mlango kwa ule ufunguo wa chuma. Lahaula! Alamu ikalia mtaa mzima. Mapazia yakaanza kufunguka, mimi mtu mweusi gizani ndani ya gari linalopiga kelele. Nikatoka, nikafunga mlango, nikasubiri linyamaze, nikakimbilia basi. Nilichelewa kazini na nikakatwa saa moja.

Nikabadilisha betri, ile bapa kama sarafu inayoandikwa CR2032. Bado kimya. Nikapigia gereji moja, nikaambiwa ufunguo mpya, kuuandikisha kwenye gari, na kulivuta gari hadi kwao, jumla paundi 320. Jamani! Hizo ndizo nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya bati za nyumba ya Mama kabla ya masika. Wiki nzima nilipanda basi nikilala na hesabu hiyo kichwani.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, Kalasinga mwenye kilemba, ana kibanda cha ufundi nyuma ya nyumba yake. Nimefika, nahangaika na Kiingereza changu, mzee ananitazama, kisha: "Wewe ni mtu wa wapi, kijana?" Kiswahili! Nikasema Tanga. Akacheka, akaita mkewe alete chai.

Msishangae. Eneo hili limejaa watu waliotoka kwetu. Wahindi wengi waliletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, kati ya 1896 na 1901, na wengine wakaja baadaye kwa ufundi na biashara. Makalasinga wengi walijulikana kwa useremala, ufundi chuma na magari. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya kuwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi. Wengi walikuwa na pasipoti za Kiingereza, wakaanza kuhama. Waingereza nao wakaingiwa na hofu, wakapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku chache tu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1968. Mzee wangu alitua Februari mwaka huo. Kakaye alibaki nyuma, na mlango ukafungwa. Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, na takriban watu 28,000 wakaingia Uingereza.

Ukutani kwa mzee ipo picha ya Joginder Singh. Vijana wa leo hawamjui, lakini baba zenu wanamjua. Alizaliwa Kericho, wakampachika jina la Kalasinga Anayeruka. Alishinda Safari Rally mwaka 1965, tena 1974 na 1976, na akafariki London mwaka 2013. Mzee akaniambia, "Ile Volvo ya 1965 ilikuwa mtumba, ilikwisha tumika na kiwanda. Gari kuukuu si neno. Neno ni fundi."

Haya, turudi kwenye ufunguo. Mzee alinifundisha kama mwalimu, nami nawapeni bure.

Zamani ufunguo ulikuwa chuma tu. Mnakumbuka pikapu ya Mjomba iliyofunguka kwa ufunguo wa kabati? Huku Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 wizi wa magari ulikuwa umefika kileleni. Rimoti zilikuwepo, Renault Fuego ya mwaka 1982 ilikuwa ya mwanzo kuwa nayo, lakini nyingi zilikuwa zikituma namba ileile kila siku. Mwizi akiinasa mara moja, gari ni lake. Dawa ikawa namba inayobadilika kila ukibonyeza. Na mojawapo ya mifumo iliyoenea sana, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini! Kampuni ya Marekani, Microchip, ikainunua mwaka 1995.

Kisha ikaja chipu. Ulaya ikaagiza kwamba kuanzia Oktoba 1998 magari mapya yawe na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo halali. Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo, mimi wa kwanza. Ndani ya kile kidude cha plastiki mna vitu viwili. Kuna rimoti ya kufungulia milango, hiyo inakula betri. Na kuna chipu ndogo ya kuruhusu injini, hiyo kwa kawaida haina betri kabisa, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi. Kimoja kikifa, kingine kinaweza kuwa kizima.

"Sasa siku ile alamu ililia, wewe lifanya nini?" mzee akauliza. Nikamwambia nilikimbia. Akacheka hadi akakohoa. "Ungetia ufunguo kwenye swichi uwashe. Gari lingesoma chipu, alamu ingenyamaza." Tukaenda kujaribu. Alamu ililia sekunde tatu, nikazungusha ufunguo, kimya, injini ikanguruma. Wiki nzima ya mabasi, na gari lilikuwa zima!

Akaifungua rimoti kwa kisu. Akapima betri yangu mpya: nzima. Akatazama vitufe: vizima. Kisha akanionyesha kwa lenzi pale kishikio cha betri kinaposhikana na bodi: mpasuko mwembamba kama unywele. Akachomelea kwa risasi, dakika kumi. Nikabonyeza, taa zote zikawaka. Malipo paundi 20.

Lakini hakuniacha hivyo. "Ufunguo wa pili uko wapi?" Nililinunua gari na ufunguo mmoja, ndiyo maana lilikuwa rahisi. Akanikaripia kama baba. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni nafuu. Ukipoteza wote ndipo unapolia. Akamwita kijana wake, akanichongea na kuuandikisha kwa paundi 95. Jumla 115 badala ya 320.

Binamu, na ile rimoti uliyoniomba nikutumie, acha. Gari lako limetoka Japani, na rimoti za kule hutumia masafa tofauti na za huku, hazitasikilizana. Fungua kwanza ya kwako, tazama betri, tazama vitufe na zile sehemu za kuchomelea, mpelekee fundi redio. Na mkinunua gari, daini funguo mbili!

Nilipoaga nikamuuliza mzee kama amewahi kurudi Nairobi. Akasema mara moja, kumzika kakaye. Akanipa chupa ya achari, akasema nikija tena nije na watoto, waongee Kiswahili naye kidogo, maana wajukuu zake hawakijui.

Mama, paundi 205 zimebaki na nimekwisha zituma jana. Bati zianze upande wa jikoni, panapovuja.

Nawasalimuni nyote. Andikeni.