Hob, Hick na Hodge: Lakabu katika Majina ya Ukoo ya Waingereza

Mtafiti afunguaye madaftari ya kodi ya kichwa yaliyoandikwa Uingereza katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 huwakuta wakulima wakiitwa Robertus, Ricardus, Willelmus na Johannes. Makarani waliandika kwa Kilatini, na majina ya watu wakayavika joho la Kilatini. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mama alisimama mlangoni akamwita mwanawe "Robertus" aje kula. Jina lililotamkwa nyumbani mara nyingi halikuingia daftarini, na lau lisingalihifadhiwa na majina ya ukoo, sehemu yake kubwa ingalipotea.

Kabla ya mwaka 1066 Waingereza walikuwa na hazina kubwa ya majina yaliyoungwa kwa maneno mawili, kama vile Leofric, Godwin na Wulfstan. Wanormani walipoiteka nchi, watu waliyaacha majina hayo katika muda wa vizazi vichache, wakaiga ya mabwana wapya. La ajabu ni kwamba majina yaliyoletwa na watawala hao wasemao Kifaransa yalikuwa na asili ya Kigermaniki, yaani jamaa ya Kiingereza chenyewe: Robert huunga sifa na mng'aro, Richard mamlaka na ushupavu, William nia na kofia ya vita.

Uigaji huo ulileta uhaba. Kufikia karne ya 14 majina yapatayo matano, yaani John, William, Thomas, Richard na Robert, yaliwatosha wanaume walio wengi. Kijiji chenye akina Robert sita hakikuwa na budi kuwatofautisha. Basi Robert akawa Rob, Hob na Dob. Richard akawa Rick, Hick na Dick. Roger akawa Hodge na Dodge. Kutokana na lakabu hizo yakazaliwa majina ya ukoo Hobson, Dobson, Hicks, Dickens na Hodgkin. (Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu: Abubakar naye alikatwa kichwa pwani akawa Bakari.)

Imezoeleka kuelezwa kwamba Mwingereza alishindwa kuitamka R ya Wanormani, ndipo akaigeuza kuwa H au D. Hoja hiyo ni dhaifu. Kiingereza kilikuwa na R yake, na majina Robson na Robinson yathibitisha kwamba watu walisema Rob na Robin bila taabu. Isitoshe, Meg alikuja kuwa Peg na Molly akawa Polly, ambako hamna R yoyote. Yafaa zaidi kusema kwamba huo ulikuwa mchezo wa vina. Ila ulikuwa mchezo wenye kanuni, kwani R ya mwanzo ilipokewa na H na D katika majina yote matatu. Bob, ambaye leo ndiye mashuhuri kuliko wenzake, alichelewa kuja. Akina Hobson na Dobson ni wengi, hali Bobson ni nadra mno: lakabu hiyo ilipoenea, majina ya ukoo yalikwisha kuganda.

Ushahidi wa namna hii ndio uliomwezesha E. W. B. Nicholson, mkuu wa Maktaba ya Bodleian mjini Oxford, kuonyesha mwaka 1892 kwamba Jack hakutokana na Jacques wa Kifaransa kama ilivyodhaniwa, bali na John, kwa njia ya Jankin. Kiambishi -kin, chenye maana ya udogo, kililetwa na wasemaji wa Kiflemi, nacho ndicho kilichozaa Wilkins, Watkins na Atkins.

Lakini lakabu hazikuwa za mapenzi tu. Wakulima walipowaasi makabaila mwaka 1381, kiongozi wao alijulikana kwa jina la Wat Tyler. Wat ni Walter, na Tyler ni mwezeka vigae. Mshairi John Gower, aliyekuwa mwenye ardhi, aliwachora waasi hao kama wanyama katika utenzi wake wa Kilatini, Vox Clamantis, na humo akawataja kwa lakabu zao: Wat, Hick, Hob, Hud. Kwake majina hayo yalikuwa matusi tosha. Hodge naye akaja kuwa neno la kumbeza mtu wa shamba yeyote. Hata hivyo ndilo lililomo katika jina la Dorothy Hodgkin, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1964, kama vile Hob alivyomo katika jina la mwanafalsafa Thomas Hobbes.

Lililopuuzwa zaidi ni kwamba baadhi ya majina haya yana asili ya kike. Ibbotson ni mwana wa Ibbot, yaani Isabel. Si lazima mtoto wa namna hiyo awe alizaliwa nje ya ndoa; yamkini mama alikuwa mjane, au ndiye aliyejulikana zaidi kijijini. Matilda aliitwa Till, kisha Tillot. Na kuanzia mwaka 1691 hadi 1694 kiti cha Askofu Mkuu wa Canterbury kilikaliwa na John Tillotson.