Tiba ya Kiharusi kwa Masafa: Mfano wa Bavaria
Marekani ilipoidhinisha, mwaka 1996, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika mishipa ya ubongo, ambayo wakati huo ilipaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kuanza, hospitali ndogo zisizo na mabingwa wa neva hazikuweza kuitumia kwa usalama. Mwaka 2003, huko Bavaria, Ujerumani, mtandao wa TEMPiS uliunganisha hospitali 12 za aina hiyo na vituo vya München na Regensburg, ambako bingwa alimchunguza mgonjwa kwa video na kuzisoma picha za ubongo wake. Kamera pekee isingetosha, na hapa waasisi wanastahili sifa kubwa: kila hospitali ilianzisha wodi maalumu, ambamo wauguzi waliofunzwa walipima uwezo wa mgonjwa kumeza kabla ya kumlisha, ili chakula kisiingie mapafuni.